Kompyuta bado nzima, mtengenezaji kashaondoka: Afrika Mashariki tufanyeje?

OKTOBA 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni Julai 29, 2015. Siku iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida. Kwenye steshenari, shule na ofisi za mawakala wa forodha, barua ziliendelea kuchapwa, mitihani ikaandaliwa na nyaraka za mizigo zikatumwa. Hakuna kilichokatika.

Ugumu wa suala hili unaanzia hapo. Gari likiisha mafuta husimama, na taa ikiungua huzimika. Lakini programu ikiachwa na mtengenezaji wake haisimami wala haizimiki. Inaendelea kufanya kazi ileile, kwa sura ileile, huku hatari ikiongezeka taratibu bila mtumiaji kuiona.

Kwa wakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, hili haliishii kwa mafundi. Kompyuta nyingi zinazotumika kwenye biashara ndogo, zahanati na shule zetu zilinunuliwa zikiwa zimetumika, baada ya kumaliza zamu yake katika ofisi za Ulaya, Uarabuni au Marekani. Zilifika kwetu zikiwa na umri wa miaka mitano au zaidi. Wenye uwezo wanapohamia toleo jipya, za kwetu ndizo zinazobaki nyuma.

Maana ya kuachwa

Mfumo endeshi ni mamilioni ya mistari ya maelekezo iliyoandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Kila mwezi makosa mapya hugunduliwa, na baadhi yake humruhusu mtu wa mbali kuingia ndani ya kompyuta bila ruhusa. Mtengenezaji hutoa viraka vya kuziba matundu hayo. Microsoft imezoea kuvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi.

Huduma inapokoma, viraka navyo hukoma, ila matundu hayaachi kugunduliwa. Hali huwa mbaya zaidi kwa sababu Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, imejengwa juu ya sehemu kubwa ya Windows 10. Tundu linapozibwa kwenye toleo jipya, wadukuzi hukichunguza kiraka hicho ili kujua kilikuwa kinaziba nini, kisha hutafuta tundu hilohilo kwenye toleo la zamani. Dawa ya mmoja inageuka kuwa ramani ya kumvamia mwingine.

Somo la WannaCry

Dunia imeshapitia hali hii. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliachwa Aprili 8, 2014 wakati mashine nyingi za kutolea fedha na kompyuta za hospitali zilikuwa bado zinaitegemea. Miaka mitatu baadaye, Mei 12, 2017, programu hasidi iliyopewa jina la WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu na kudai malipo ya fidia kwa sarafu ya Bitcoin. Kwa siku chache ilikuwa imefika kwenye zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150.

Uingereza iliumia vibaya. Hospitali za umma zililazimika kuwarudisha wagonjwa, na miadi takribani 19,000 ilifutwa. Siku iliyofuata Microsoft ilifanya jambo ambalo si la kawaida: ilitoa kiraka kwa Windows XP, mfumo ambao ilishauacha.

Hata hivyo, kisa hiki kina upande unaosahaulika. Uchambuzi wa kampuni ya usalama ya Kaspersky ulionyesha kuwa karibu kompyuta zote zilizoambukizwa zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka cha kuzuia WannaCry kilikuwa kimetolewa tangu Machi 14, miezi miwili kabla. Wenye kompyuta hawakukiweka.

Kwa hiyo hatari haitokani na umri wa programu peke yake. Inatokana pia na mazoea ya mtumiaji. Anayekaa kwenye toleo jipya na kuahirisha masasisho kila yanapojitokeza anaweza kuwa hatarini kuliko mwenye toleo la zamani anayejua mipaka yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wahenga hawakusema ufa wa nyumba kuukuu tu.

Kwa nini watu hawahami?

Jibu la kwanza ni kifaa chenyewe. Windows 11 inadai kompyuta iwe na kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya kuanzia takribani mwaka 2018. Kompyuta ya mwaka 2016 yenye kumbukumbu ya kutosha, kioo kizuri na kibodi isiyo na kasoro inakataliwa. Mwenye duka haambiwi kompyuta yake imeharibika. Anaambiwa haina sifa.

Jibu la pili ni fedha. Microsoft imeweka mpango wa kurefusha viraka vya usalama kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 13, 2026 kwa dola 30, ambazo ni karibu Sh3,900 za Kenya au takribani Sh75,000 za Tanzania kulingana na kiwango cha siku. Kwa kampuni na taasisi, mwaka wa kwanza ni dola 61 kwa kila kompyuta, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Shule zimepunguziwa sana: dola moja mwaka wa kwanza, mbili wa pili na nne wa tatu.

Jibu la tatu ni leseni. Si siri kwamba katika miji yetu Windows nyingi huwekwa na fundi kutoka kwenye flashi, kisha "huamshwa" kwa kijiprogramu cha mtaani ambacho humtaka mteja azime kwanza kinga ya virusi. Anayefanya hivyo amemfungulia mwizi mlango kabla hata huduma haijakoma. Kwake, mjadala wa viraka umechelewa.

Njia nne zilizopo

Kwanza, hakikisha kama kompyuta yako kweli haina sifa. Baadhi ya kompyuta zina TPM 2.0 iliyozimwa tu kwenye mipangilio ya awali ya kifaa, na fundi anaweza kuiwasha kwa dakika chache. Kama inafaa, kuhamia Windows 11 kutoka Windows 10 yenye leseni halali ni bure.

Pili, jisajili kwenye mpango wa kurefusha viraka. Mtumiaji binafsi anaweza kuupata bila kulipa dola 30 iwapo ataingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe mtandaoni. Kompyuta iwe kwenye toleo la 22H2 la Windows 10. Akaunti moja inaweza kusajili hadi kompyuta kumi. Huu ni mwaka mmoja wa kujipanga, na usichukuliwe kama suluhisho la kudumu.

Tatu, badili mfumo na ubakize kifaa. Linux Mint na Ubuntu hutolewa bure, hupata viraka kwa miaka kadhaa na huenda vizuri kwenye kompyuta za zamani. Kwa anayeandika barua, kupiga hesabu, kutuma barua pepe na kufungua tovuti za serikali, LibreOffice na kivinjari cha Firefox vinatosha. Si jambo geni kwetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kikwazo kinakuja pale ofisi inapotegemea programu ya uhasibu au printa maalumu inayokubali Windows peke yake. Jaribu kabla ya kufuta chochote.

Nne, itenge. Kompyuta inayochapa risiti, kuendesha mashine ya maabara au kuhifadhi picha za zamani haina ulazima wa kuwa kwenye intaneti. Chomoa waya wa mtandao na uzime Wi-Fi. Usichomeke flashi ya kila mteja. Miamala ya benki na ya fedha za simu ifanyike kwenye kifaa kingine chenye kinga.

Kwa njia yoyote utakayochagua, weka nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa muda wote. Waliokuwa na nakala hiyo wakati wa WannaCry walifuta kompyuta na kuendelea na kazi. Wasiokuwa nayo walibaki na uamuzi wa kulipa au kupoteza.

Taarifa za mteja si za mwenye duka

Mwenye kompyuta binafsi akiamua kubeba hatari, hatari ni yake. Lakini steshenari inayobaki na kopi za vitambulisho vya wateja, zahanati yenye majina ya wagonjwa au wakala mwenye ankara za wafanyabiashara wa nchi tatu, anabeba hatari za watu wengine ambao hawakuulizwa.

Sheria zimeshalitambua hilo. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa achukue hatua za kuzilinda. Mzigo unaotoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Bujumbura hupita kwenye ofisi nyingi, na nyaraka zake hupita kwenye kompyuta za ofisi hizo zote. Kompyuta moja isiyo na kinga Mutukula au Rusumo inaweza kuwa mlango wa kuingilia kwa jirani.

Upo pia upande wa taka. Tukisema kila kompyuta isiyokubali Windows 11 itupwe, zitakwenda wapi? Rwanda ina kiwanda cha kuchakata taka za kielektroniki wilayani Bugesera, na Kenya ina vituo vya kazi hiyo Nairobi. Kwingineko, vifaa vingi huishia kwenye vyumba vya nyuma au kuchomwa ili kupata shaba. Kurefusha maisha ya kompyuta kwa njia salama ni sehemu ya kutunza mazingira.

Sauti moja ina uzito

Mwishoni mwa 2025 watumiaji wa nchi za eneo la kiuchumi la Ulaya walipata mwaka huo wa viraka bila kulipa na bila sharti la kuhifadhi mipangilio mtandaoni. Hawakupewa kwa huruma. Mashirika ya kutetea watumiaji, likiwamo Euroconsumers, yaliibana Microsoft kwa hoja za kisheria, na kampuni ikalegeza masharti.

Jumuiya yetu sasa ina nchi wanachama nane, kuanzia Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ina Bunge lake Arusha, na nchi zake zinakutana katika Shirika la Mawasiliano la Afrika Mashariki lenye makao yake Kigali. Vyombo hivyo vinaweza kudai kwa pamoja kile Ulaya ilichopata. Vinaweza pia kukubaliana kwamba zabuni za serikali zitaje tarehe ya mwisho wa huduma kwa kila programu inayonunuliwa, na kwamba muuzaji wa kompyuta za mtumba aiseme tarehe hiyo kwa mnunuzi, kama muuzaji wa dawa anavyoonyesha tarehe ya kuisha muda.

Hadi hapo, wajibu uko kwa mwenye kompyuta. Oktoba 13, 2026 haiko mbali, na mwaka wa nyongeza utaisha kimyakimya kama ulivyoisha ule muda wa kwanza. Kompyuta zitawaka tena siku inayofuata kama kawaida.