Unga Ulipopanda Bei: Funzo la Zambia

Serikali ibanapo matumizi yake, jambo hilo huandikwa katika vitabu vya Hazina, lakini husomwa jikoni. Mama wa nyumba hulitambua siku anapotumwa mtoto dukani na fedha za jana, naye akarudi na nusu ya unga. Katika nchi za Afrika hapana pahali jambo hili lilipodhihirika waziwazi kuliko Zambia, kati ya mwaka 1986 na mwaka 1991. Habari zake zastahili kukumbukwa na kila mwenye jamaa ya kulisha, na zaidi na askari, ambaye hulinda amani kwa mkono mmoja na kupeleka unga nyumbani kwa mkono wa pili.

CHANZO CHA SHIDA

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na neema ya shaba. Madini hayo ndiyo yaliyoleta karibu fedha zote za kigeni, na kwa fedha hizo zilijengwa shule, hospitali na barabara. Unga wa mahindi, ambao ndio chakula kikuu cha wananchi wa huko, uliuzwa kwa bei nafuu kwa sababu serikali ililipa sehemu ya gharama zake. Malipo hayo ndiyo yaitwayo ruzuku.

Mwaka 1975 bei ya shaba ilikuwa imeanguka katika masoko ya dunia, huku bei ya mafuta ikiwa imekwisha kupanda. Serikali ya Rais Kenneth Kaunda ilikopa ikitumaini kwamba shaba ingeinuka tena. Haikuinuka kama ilivyotarajiwa, na madeni yakazidi kukua. Wakopeshaji, wakiongozwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, wakatoa masharti: matumizi ya serikali yapunguzwe, thamani ya fedha ishushwe, na ruzuku iondolewe. Mwezi Oktoba 1985 ulianza mnada wa fedha za kigeni, na kwacha ikaporomoka upesi.

DESEMBA 1986

Kulikuwa na unga wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa mweupe na laini, mfano wa sembe. Wa pili, uitwao roller, ulikuwa wa kukwaruza, nao ndio uliotumiwa na maskini. Mwezi Desemba 1986 serikali iliondoa ruzuku ya unga laini, na bei yake ikapanda kwa asilimia 120. Unga wa roller uliachiwa ruzuku yake ili mnyonge asiumie.

Kwa maandishi mpango huo ulikuwa na huruma, ila ulisahau wenye vinu. Hao hawakuwa na hakika kwamba serikali ingewarudishia fedha zao kwa wakati, basi wakaacha kusaga roller. Unga wa maskini ukatoweka madukani, ukabaki ule wa bei ya juu peke yake. Ghasia zikazuka katika miji ya machimbo ya Copperbelt. Maduka yakavunjwa, na watu 15 wakapoteza maisha. Rais akarudisha bei ya zamani, na serikali ikatwaa viwanda vikubwa vya kusaga. Tarehe 1 Mei 1987 Kaunda akatangaza kuachana na masharti ya Shirika la Fedha, na kwamba malipo ya madeni hayatazidi asilimia 10 ya mapato ya mauzo ya nje.

JUNI 1990

Hata hivyo, mgonjwa aliyekimbia dawa chungu hajapona kwa kukimbia. Mikopo ilikauka, nayo serikali ikalazimika kurudi mezani. Mwezi Juni 1990 bei ya unga ilipandishwa tena zaidi ya maradufu. Safari hii Lusaka yenyewe ililipuka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu na wakazi wa mitaa ya mabanda wakaingia barabarani, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Hapo ndipo askari wa Zambia walipotiwa katika mtihani mzito kupita yote. Aliyeamriwa kuzuia umati alikuwa na mke na watoto waliokula unga ule ule. Alfajiri ya tarehe 30 Juni, Luteni Mwamba Luchembe alitangaza redioni kwamba jeshi limetwaa madaraka. Jaribio hilo lilizimwa kwa saa chache, lakini kabla ya kuzimwa watu walikuwa wamekwisha kutoka nje wakishangilia. Furaha ile ilimwonya Kaunda kuliko bunduki za Luchembe, ambaye baadaye alimsamehe. Mwezi Desemba 1990 sheria ya chama kimoja ilifutwa. Na tarehe 31 Oktoba 1991 Frederick Chiluba alipata takriban robo tatu ya kura zote. Kaunda, baada ya miaka 27 ya utawala, akakubali kushindwa na kuondoka kwa amani, jambo ambalo lamletea heshima hata leo baada ya kufa kwake mwaka 2021.

BAADA YA HAPO

La kustaajabisha ni kwamba serikali mpya iliondoa ruzuku ile ile, na nchi isiwake moto, ingawa mwaka 1992 ulikuwa wa ukame mkali. Viongozi wapya walikuwa wamewaambia wananchi mapema kwamba siku ngumu zaja, nao walikuwa ndio kwanza wapewe kura. Watu huvumilia dhiki waliyotangaziwa na mtu waliyemchagua. Ile inayowaangukia usiku mmoja huiona kuwa ni dhuluma.

Lakini kimya si shibe. Ada za matibabu ziliwazuia wengi kwenda hospitali, hata zikafutwa vijijini mwaka 2006. Maelfu ya wafanyakazi wa machimbo walipoteza kazi, na pamoja na kazi wakapoteza nyumba na zahanati za kampuni. Mzigo ulioshushwa na Hazina ulipokewa na akina mama, waliopunguza mlo wa siku, na watoto wa kike, waliotolewa shuleni kwanza.

Funzo lipo kwa pande zote mbili. Serikali isiyoweza kuendelea kulipa haina budi kupunguza. Lakini ianze kwa kueleza, na ihakikishe kwamba chakula cha mnyonge kipo dukani kabla ya kugusa bei yake. Wahenga walisema: mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Apangaye bei za nchi hana ruhusa ya kutomjua, kwa maana akikosea, atakayetumwa kwenda kusimama mbele ya wenye njaa ni askari, naye ni mtoto wao.