Lisbon: ramani haisemi kilima!

Wajanja, siku mkitua Lisbon kule Ureno, msiiamini ramani. Mimi iliniingiza mjini, tena nikiwa na bi mkubwa mwenye goti bovu.

Tulikuwa Baixa, sehemu tambarare iliyojengwa upya baada ya tetemeko la 1755. Ngome ya São Jorge ilionekana pua na mdomo. Nikajitia mwenyeji: "Mama, twende kwa mguu, ni hapo tu."

Loh! Ngazi juu ya ngazi, na chini vijiwe vinavyoteleza kama sabuni. Njiani mama akakaa kwenye kizingiti cha watu, goti limevimba. Hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, mimi si wa kupandishwa vilima tena." Nilitamani ardhi ipasuke. Tukarudi hotelini kwa teksi.

Kesho yake nikauliza kwanza. Kumbe mtaa wa Fanqueiros, palepale Baixa, kuna lifti ya bure ndani ya jengo la kawaida! Unatokea mtaa wa Madalena, na jengo la Chão do Loureiro lina lifti nyingine. Tramu namba 28 nayo inapanda, ila inajaa mno na wachomoaji wanaipenda. Sisi tukachukua basi 737, likatufikisha ngomeni.

Kwa hiyo, vijana, pandeni kwa chombo, shukeni kwa mguu. Mwenye goti bovu ashuke kwa basi pia, mteremko ndio unaoliumiza zaidi.

Pale juu mama aliutazama mto Tejo, akacheka: "Jana ulinikokota. Leo umenileta."