Ukichemsha, Floraidi Inabaki Sufuriani

Swali limenifikia tena wiki hii, safari hii kwa simu, saa tatu usiku: "Maji ya ile chemchemi ya barabarani nikiyachemsha vizuri, mtoto si anaweza kunywa?" Aliyeuliza ni mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Anaishi upande wa Usa River, na kila Jumamosi baba wa nyumba huegesha gari kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, akakinga madumu ya wiki nzima. Kwa miaka niliyokaa maabara ya maji nimelijibu swali hili mara nyingi kuliko jingine lolote. Leo nalijibu kwa maandishi, ili likatwe libandikwe jikoni.

Kuchemsha huua vimelea. Vya kipindupindu, vya homa ya matumbo, amiba: vyote hufa maji yakitokota. Endelea kuchemsha kwa ajili hiyo, maana chemchemi iliyo chini ya mashamba na vyoo vya watu haiachi kubeba uchafu wao eti kwa sababu imetokea mwambani. Lakini floraidi haina uhai hata ife. Ni madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na moto wa jikoni hauyafanyi lolote. Kinachopaa na mvuke ni maji peke yake. Chukua lita 5 zenye miligramu 2 za floraidi kwa kila lita, uchemshe mpaka zibaki lita 4. Zile miligramu 10 bado zimo zote, ila sasa zimebanana: 2.5 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Kwa hiyo mama anayeacha sufuria itokote nusu saa nzima, kwa vile anamjali mwanawe, ndiye anayemwongezea. Hili linaniuma kila ninaposikia mtu wa afya anawaambia wazazi "chemsheni tu" bila kuuliza maji yametoka wapi.

Nikishasema hayo, huja utetezi wa pili: maji yenyewe ni maangavu, baridi, matamu. Mto Maji ya Chai ulipewa jina hilo kwa rangi yake ya kahawia, na watu wa huku wanajua kwamba una floraidi nyingi. Vipimo vyake huvuka miligramu 10 kwa lita. Bahati mbaya wengi wamehitimisha kwamba rangi ndiyo floraidi, na maji meupe basi hayana. Si kweli hata kidogo. Floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango tunavyovizungumzia ulimi hauionji. Chemchemi mbili zilizo jirani kabisa zinaweza kupishana kiwango mara kadhaa, kwa kuwa kila moja imepita kwenye mwamba wake. Usiniambie jirani yako anakinga wapi. Nionyeshe kipimo.

Utetezi wa tatu ndio mgumu kuuvunja, kwa sababu mtu huutoa akitabasamu: "Nimehamia hapa miaka kumi, nakunywa maji haya haya, na meno yangu ni haya unayoyaona." Meno yako yalikwisha kuumbika kabla hujafika Arusha. Floraidi iliyozidi huharibu gamba la jino wakati jino lingali linajengwa ndani ya ufizi, tangu utoto mchanga hadi miaka minane hivi, na meno ya mbele huwa hatarini zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Madhara yanaonekana jino linapoota, wakati hakuna tena la kurudisha. Madoa yale ya kahawia si uchafu. Kumsugua mtoto meno kwa mkaa, majivu au ndimu ni kumtesa na kuzidi kulila gamba ambalo tayari ni dhaifu. Na mtu mzima asijione amepona: floraidi nyingi ikinywewa miaka mingi huingia kwenye mifupa, viungo vikauma na kukakamaa.

Sasa la kufanya. Mtoto aliye chini ya miaka minane apewe maji bora kwanza, ya kunywa na ya kupikia uji. Ya kuoga na kufulia yatoke popote. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa: weka mifereji na tangi lenye mfuniko, mvua ya kwanza iache ioshe bati. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huondoa floraidi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Ila huchoka, hivyo lazima upimwe na kubadilishwa. Mkaa wa kuni, chujio la udongo, dawa ya klorini, mbegu za mlonge: hakuna hata kimoja cha kutegemea kuondoa floraidi. Shabu ya kukadiria kwa kijiko achana nayo. Magadi kwenye makande acha leo, kwa kuwa mengi ya huku yana floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Maji ya dukani soma lebo.

Kupima si jambo la wasomi. Suuza chupa safi ya plastiki mara tatu kwa maji yale yale ya chemchemi, kisha ijaze. Ya kioo usitumie, maana floraidi hushikana na kioo. Andika jina la mahali na tarehe, uipeleke maabara ya maji ya mkoa. Mama wa simu ya juzi ameahidi kuleta ya kwake Jumatatu, na nimemwambia mpaka jibu litoke, mtoto anywe maji ya mvua.