Nyumbu ni wale wale: kwa nini mtalii alale kwetu na si ng'ambo?

Swali hili limetufikia kwa ujumbe mfupi zaidi ya mara moja, kutoka Robanda na vijiji jirani: nyumbu ni wa kwetu, mbona Kenya ndiyo inayotajwa zaidi huko nje? Anayeuliza hajakosea. Kundi lile la nyumbu zaidi ya milioni moja hukaa Tanzania sehemu kubwa ya mwaka. Huzaa kusini, kwenye majani mafupi ya kuelekea Ndutu, hupanda kupitia magharibi na maeneo yetu ya Ikoma, kisha huvuka Mto Mara na kukaa Kenya miezi michache kabla ya kurudi. Nyumbu hana pasipoti. Mtalii anayo, na yeye ndiye anayeamua alale upande upi wa mpaka.

Kwenye taarifa ya habari jambo hili huitwa ushindani wa uchumi wa taifa, na wengi wakisikia hivyo hupunguza sauti ya redio wakidhani ni mambo ya Dodoma. Kwa Robanda si ya Dodoma. Kijiji hiki kinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yako jirani. Mwananchi haruhusiwi kuchunga ndani ya hifadhi wala kukata kuni humo, na tembo akiingia shambani usiku, mtama wa msimu mzima unaweza kwisha kabla ya mapambazuko. Malipo yanayotegemewa kwa kuishi hivyo ni ya utalii: ajira za kambini, ada za wawekezaji, na mapato ya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, ile tuliyozoea kuiita WMA, inayounganisha Robanda, Nyichoka, Park Nyigoti, Makundusi na Nata Mbiso. Mtalii akilala kwenye kambi iliyo ndani ya WMA, ada inalipwa, inapita kwenye mfumo wa serikali, na sehemu yake inarudi kwa jumuiya na vijiji wanachama. Asipolala, hakuna cha kugawana. Tembo naye haji kidogo kwa sababu watalii wamepungua.

Kwa hiyo swali la msikilizaji tunaweza kuligeuza kidogo. Wanyama tunao, hilo halina ubishi. Katika orodha ya Jukwaa la Uchumi la Dunia ya mwaka 2019 iliyolinganisha nchi 140 kwa utalii, Kenya ilikuwa ya 82 na sisi wa 95, ingawa kwa maliasili peke yake Tanzania imekuwa ikihesabiwa miongoni mwa nchi za juu duniani. Tunaloshindania ni mengine: bei, njia, vibali, na kama neno la serikali lililosemwa mwaka huu litakuwa lile lile mwakani.

Tuanze na njia, maana hii ina historia inayopita karibu na kwetu. Wazee wanakumbuka geti la Bologonja, kaskazini ya Serengeti, mahali ambapo gari lilitoka Maasai Mara na kuingia kwetu moja kwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ile ya kwanza ilipokuwa inavunjika, Februari 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Mpaka ukafunguliwa tena mwaka 1983, lakini Bologonja haikufunguliwa kwa watalii hadi leo. Sababu ya serikali haikuwa ya kijinga. Kabla ya hapo wageni wengi walikuwa wanashukia Nairobi, wanapanda magari ya kampuni za Nairobi, wanaiona Serengeti kisha wanarudi kulala na kutumia fedha Kenya. Tulikuwa tunalisha nyumbu, wenzetu wanakamua maziwa. Tanzania ilikuwa imejenga uwanja wa ndege wa Kilimanjaro mwaka 1971, na ilitaka mgeni ashukie huko, aanzie Arusha.

Matokeo yake mnayaona Tarime. Mtalii anayetoka Maasai Mara akitaka kuja Serengeti hawezi kukatisha. Anazunguka Isebania, anagonga muhuri Sirari, anapita Tarime na kushuka upande wa Mugumu hadi geti la Fort Ikoma, au njia nyingine ya kuelekea ziwani. Mwenye fedha zaidi hupaa hadi Migori, akavuka Sirari kwa gari, kisha akapanda ndege ndogo kwenye kiwanja cha Tarime. Zile ndege ndogo ambazo watoto huzipungia mkono, baadhi ni za watu hao. Ni usumbufu kwa mgeni, lakini kuna dereva, muuza chai na kijana wa kambi ya Robanda anayepata riziki kwa sababu ya mzunguko huo. Ndiyo maana hatusemi Bologonja ifunguliwe kesho. Sera ngumu inaweza kuwa na faida, mradi kila mtu anaijua na ameipangia. Hii imejulikana kwa zaidi ya miaka 40.

Vibali navyo viko hivyo hivyo. Kuanzia mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia viza moja ya watalii ya dola 100. Tanzania haikujiunga, kwa hiyo mgeni mwenye viza hiyo akifika Sirari analipia yetu upya, dola 50 kwa nchi nyingi na dola 100 kwa Mmarekani. Unaweza kuikubali sera hiyo au kuikataa, lakini inajulikana kabla mgeni hajafunga begi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halikujulikana. Juni 8, 2016, mawaziri wa fedha wa Tanzania na Kenya walisoma bajeti siku moja. Dodoma, Waziri Philip Mpango alitangaza kuwa huduma za utalii zilizokuwa zimesamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, yaani VAT, sasa zitalipa asilimia 18: kuongoza watalii, kuwatembeza kwa magari kuona wanyama, kuangalia ndege, ada za hifadhi, usafiri wao wa barabarani. Nairobi, Waziri Henry Rotich akaenda upande wa pili kabisa, akaondoa VAT kwenye viingilio vya hifadhi. Yetu ilianza kutumika Julai 1. Tangu kusomwa hadi kuanza ni kama wiki tatu.

Tufanye hesabu ya kawaida. Kiingilio cha mgeni Serengeti wakati huo kilikuwa dola 60 kwa siku. Ongeza asilimia 18, inakuwa dola 70 na senti 80. Familia ya watu wanne wanaolipa kiingilio cha mtu mzima, kwa siku nne, inaongezewa dola 172 na senti 80 kwenye kiingilio peke yake, kabla hujagusa gari na mwongozaji.

Je, Mzungu atashindwa kulipa dola 172 kwenye safari ya maelfu? Hapana, na hapo ndipo watu wengi walipolielewa vibaya lile lalamiko la kampuni za utalii. Tatizo kubwa halikuwa kiasi. Safari ya Serengeti haiuzwi kama nyanya sokoni, unalipa unabeba. Inauzwa miezi sita, mwaka, wakati mwingine zaidi kabla ya mgeni kupanda ndege. Wageni wa Julai 2016, wakati nyumbu wanaelekea kaskazini, walikuwa wameshalipa kwa bei ya zamani, na mikataba ilishasainiwa na mawakala wa Ulaya na Marekani. Huwezi kumpigia mtu simu wiki tatu kabla ukamwambia ongeza. Ukimpigia, wakala wake atakumbuka, na mwaka unaofuata atampeleka Kenya au Botswana ili asiaibike tena.

Kwa hiyo mwenye kampuni analipa mwenyewe. Naye akishabanwa hapunguzi kwa mgeni, kwa sababu mgeni ameahidiwa. Anapunguza palipo karibu na mkono wake: siku za vibarua, mboga alizokuwa ananunua kijijini, usiku mmoja wa kambi ya nje ya hifadhi. Uamuzi uliosomwa Dodoma unaweza kufika Robanda kwa njia hiyo bila mtu yeyote kuutaja kwa jina.

Haki itendeke kwa serikali pia. Watalii hawakukimbia kama ilivyotabiriwa. Mwaka 2015 nchi ilipokea wageni 1,137,182 na mwaka 2016 wakafika 1,284,279. Mwaka 2017 waliongezeka tena hadi 1,327,143, ongezeko dogo kuliko la mwaka uliotangulia, ingawa hatuwezi kuibebesha VAT mzigo wote huo. Na kodi ile si fedha iliyotupwa mtoni. Ndiyo inayolipa walimu na barabara. Hoja yetu ni nyembamba zaidi: kodi ile ile, kiasi kile kile, ikitangazwa mwaka mmoja mapema, serikali ingepata fedha zake na hakuna mkataba ambao ungevunjika. Gharama tuliyolipa ilikuwa ya mshtuko.

Mshtuko unakumbukwa. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 sisi tukapunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki. Ilibidi Rais Kikwete na Rais Kenyatta wakutane mwezi huo huo ndipo yakaisha. Agosti 2020, wakati wa korona, Kenya iliiacha Tanzania nje ya orodha ya nchi ambazo watu wake wangeruhusiwa kuingia, nasi tukazuia ndege zao, hadi Septemba. Sisi huku tulikuwa tumeacha kutangaza idadi ya wagonjwa tangu mwishoni mwa Aprili. Dunia nzima ilikuwa imelala mwaka ule, wageni wetu walishuka hadi 620,867, na ugonjwa wenyewe ndio uliofanya kazi hiyo. Ila nchi isiyotoa takwimu humwachia mwenzake nafasi ya kuieleza. Filamu ya Royal Tour, aliyoshiriki Rais Samia Suluhu Hassan na kuizindua New York Aprili 2022, ilikuwa njia ya kulisema jina letu wenyewe. Mwaka 2023 wageni walifika 1,808,205 na mwaka 2024 wakapita milioni mbili. Filamu haiwezi kudai sifa zote hizo, lakini tusiseme haikusaidia.

Kuna wasikilizaji wa Nyamongo ambao hapa wangetuuliza: kwa hiyo serikali iwe inawapigia magoti wawekezaji ili isifiwe? Swali zuri, na jibu ni hapana. Mwaka 2017 Tanzania ilibadilisha sheria za madini na kuidai kampuni ya Acacia, iliyokuwa na mgodi wa North Mara, kodi na adhabu za takriban dola bilioni 190. Nje ya nchi tulisemwa vibaya. Mwishowe Barrick ikaichukua Acacia yote mwaka 2019, ikakubali kulipa dola milioni 300, serikali ikapata asilimia 16 ya hisa, na ikaundwa kampuni ya Twiga. Wananchi wa Nyamongo wana maswali yao kuhusu kinachowafikia, na hayo yanahitaji kipindi chake. Lakini kwa upande wa taifa, jina lilichafuka kwa muda na mkono ukapata kitu. Ugumu una wakati wake.

Na jina zuri lina wanaolilipia. Mwaka 2010 serikali ilipanga barabara kuu ya kutoka upande wetu kwenda Loliondo, ikipita kilomita 53 ndani ya kaskazini ya Serengeti. Watu wa Mugumu waliisubiri kwa hamu. Wanasayansi na wahifadhi duniani wakapiga kelele kwamba itakata njia ya nyumbu. Mwaka 2011 serikali iliwaandikia UNESCO kwamba kipande hicho hakitawekwa lami, na Juni 20, 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kwamba kukiweka lami kungekuwa kinyume cha mkataba wa Jumuiya. Tunadhani uamuzi ulikuwa sahihi, kwa sababu bila nyumbu hakuna tunachouza. Lakini Serengeti ilipobaki na sifa yake, mgonjwa wa kwetu aliyekuwa anaisubiri barabara alibaki na vumbi lake. Wanaposhangilia hifadhi mahali pengine, hesabu hiyo iandikwe.

Tuje kwenye bei za sasa. Tangu Julai 2024 Maasai Mara inamtoza mgeni dola 200 kwa siku kuanzia Julai hadi Desemba. Serengeti msimu wa juu ni dola 70, na ukiongeza VAT ni dola 82 na senti 60, ingawa anayelala ndani ya hifadhi ana ada nyingine ya malazi. Wakala wa London akifungua karatasi mbili, yetu ndiyo nafuu kwenye kiingilio. Ni nafasi. Itadumu kama ada zetu hazitabadilishwa tena Juni na kuanza Julai.

Yako mambo mawili yanayoweza kufuatiliwa kwa simu uliyoshika. Bajeti husomwa Bungeni mwezi Juni na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kati ya hapo Muswada wa Sheria ya Fedha hujadiliwa, na kamati ya Bunge hupokea maoni. Mbunge wako ana simu, na mwenyekiti wa WMA anaweza kuandika. La pili liko karibu zaidi: mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kilichoingia kutoka Ikona robo hii, na kilikokwenda, kinatakiwa kusomwa pale mbele ya wananchi. Mkisomewa, tutumieni ujumbe. Msiposomewa, tutumieni pia.