Pikapu au Lori? Mzigo Upimwe Kwanza
Chama kinachokusudia kununua gari hakina budi kupima mzigo kabla ya kutazama nguvu za injini. Pikapu iliyoundwa kwenda mbio katika njia mbovu huwekewa springi laini; kwa hiyo hustahimili mashimo, bali si uzito. Lori lina springi ngumu na ekseli nene. Magunia 350 ya mahindi, kila moja kilo 100, ni tani 35: lori la tani 7 litayahamisha kwa safari 5, pikapu ya tani 1 kwa safari 35. Lakini lori lisilojaa huteketeza mafuta bure, na daraja dhaifu hulizuia. Basi katibu aorodheshe mzigo wa msimu, hali ya njia na bei ya vipuri. Wanachama, wenye fedha, ndio waamue mkutanoni.