Mlango wa Barua Pepe Unaopitika Bila Nywila

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, barua pepe imekuwa njia ya kawaida ya kupitishia mambo mazito: halmashauri hupeleka taarifa Bukoba na Dodoma, ushirika wa kahawa huandikiana na wanunuzi walio ng'ambo, na mashirika yenye ofisi Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hutuma bajeti na ripoti kwa wafadhili. Watumiaji wameelezwa mara nyingi kwamba usalama wa barua zao unategemea nywila ndefu isiyokisika, na ushauri huo ni sahihi. Lakini ipo aina ya udhaifu ambayo mbele yake nywila, hata ikiwa ndefu namna gani, haifui dafu, kwa sababu mvamizi haulizwi nywila kabisa.

Udhaifu huo ni wa kukwepa uthibitishaji. Uthibitishaji ni hatua ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kusambaza barua, humtaka mtu aoneshe kwamba ndiye mwenye sanduku analotaka kulifungua. Programu ya barua inayofunguliwa kwa kivinjari ina ukurasa mmoja wa kuingilia ambao kila mtumiaji anaujua, lakini nyuma yake zipo anwani nyingine nyingi asizoziona: ya kupokea viambatisho, ya kubadilisha nywila, ya kuhamisha masanduku kutoka seva moja hadi nyingine. Kila anwani ni mlango, na kila mlango unapaswa kuuliza upya ni nani anayeingia. Mkulima aliyewahi kupeleka kahawa kwenye ghala la chama cha msingi ataelewa kwamba kufuli kubwa la mbele halilindi hata gunia moja ikiwa mlango wa nyuma wa kupakilia umesahauliwa wazi.

Tatizo hili si geni. Mwezi Agosti 1999 ilibainika kwamba sanduku lolote la Hotmail, huduma ya barua iliyokuwa ikitumiwa na mamilioni ya watu, lingeweza kufunguliwa kwa kutumia neno moja tu, "eh", na Microsoft ikalazimika kuizima huduma kwa saa kadhaa. Tangu wakati huo programu zimekuwa kubwa na tata zaidi, na milango imeongezeka.

Mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu ni wa Zimbra, programu ya seva ya barua inayotumiwa na taasisi nyingi duniani. Mwanzoni mwa 2022 ilijulikana kwamba sehemu yake inayopokea mafaili ya kuhamisha masanduku ingeweza kudanganywa iandike faili mahali pasiporuhusiwa. Kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mwenye kufanya hivyo lazima awe tayari na mamlaka ya msimamizi wa seva, kasoro hiyo haikuhesabiwa kuwa ya hatari kubwa. Mwezi Agosti mwaka huohuo kampuni ya usalama ya Volexity ilieleza jambo la kusikitisha: programu ilikuwa inakagua kweli utambulisho wa aliyetuma ombi, na ilipoukosa iliandaa ujumbe wa kumkatalia, lakini mwandishi wa programu alisahau kuweka agizo la kusimamisha kazi hapo. Mlinzi alitamka kwamba mgeni haruhusiwi, kisha akaendelea kumpokelea mzigo. Kwa kukosekana kwa agizo hilo fupi, zaidi ya seva 1,000 katika nchi mbalimbali zilikutwa zimevamiwa.

Kisa cha Microsoft Exchange, kilichotangazwa tarehe 2 Machi 2021 na kupewa jina la ProxyLogon, kilikuwa na mantiki nyingine. Seva hiyo ina sehemu ya mbele inayopokea maombi na sehemu ya nyuma inayoyatekeleza. Ukurasa wa kuingilia wenyewe unahitaji mafaili madogo ya kuupamba na kuuendesha, na ni lazima yatolewe kabla mtu hajajitambulisha. Mvamizi alijifanya anaomba faili la namna hiyo, huku akiwa ameghushi kuki, yaani kijipande cha taarifa ambacho kivinjari hutuma pamoja na ombi, ili sehemu ya mbele ilipeleke ombi lake nyuma kwa mamlaka ya seva yenyewe.

Upande wa Tanzania, taasisi za umma zina mfumo wa barua pepe wa serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao, kwa hiyo jukumu la kuziba mianya halimwangukii ofisa mmoja wa TEHAMA aliye wilayani. Hali ni tofauti kwa ushirika, shule au shirika binafsi linaloendesha seva yake au lililokodi nafasi kwa muuzaji wa bei nafuu. Hapo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya bei ni hili: kiraka, yaani marekebisho yanayoziba udhaifu, kikitolewa leo, nani atakiweka, na kwa siku ngapi? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamwadhibu anayeingia bila idhini, lakini haiwezi kurudisha malipo ya kahawa yaliyopelekwa kwenye akaunti ngeni baada ya mtu kusoma mawasiliano na kuandika barua ya kughushi kutoka ndani ya sanduku halisi.

Hata kiraka hakitoshi pale mvamizi alipotangulia, kwa kuwa kazi yake ya kwanza huwa kuacha faili dogo litakalomruhusu kurudi baada ya mwanya kuzibwa. Ndiyo maana Aprili 2021 FBI ya Marekani ilipata amri ya mahakama ya kufuta mafaili ya aina hiyo kutoka mamia ya seva za Exchange, ambazo wenyewe walikuwa hawajayaondoa. Msimamizi wa seva ndogo huko Kayanga anaweza kuanza kwa kazi ya subira isiyohitaji vifaa vya gharama: kuchukua orodha ya mafaili ya programu safi ya toleo lilelile, kuilinganisha na yaliyomo kwenye seva yake, kisha kulitazama kila faili lililozidi na tarehe liliyoandikwa.