Karti: injini ndogo, hesabu kubwa

Wengi wakisikia mashindano ya magari hufikiria Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hata hivyo, madereva wengi wakubwa duniani huanzia kwenye kigari kidogo kiitwacho karti. Lewis Hamilton wa Uingereza, bingwa wa dunia wa Formula 1 mara 7, alianza nacho akiwa na miaka 8.

Karti ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1956 huko California, Marekani. Fundi Art Ingels alifunga injini ya mashine ya kukatia nyasi kwenye fremu ya mabomba. Muundo haujabadilika sana: magurudumu manne, hakuna springi wala shokapu, na ekseli ya nyuma haina difu. Injini huzungusha ekseli hiyo kwa cheni, kama ya pikipiki. Kwenye kona, fremu hupinda kidogo na kuinua tairi la nyuma la upande wa ndani, ndipo kigari hugeuka vizuri.

Fundi wa Mpanda aliyezoea pikipiki na pawatila hatababaishwa na vyuma hivyo. Kazi ipo kwenye hesabu. Jijini Nairobi karti zimekuwa zikikodishwa kwa dakika. Je, biashara hiyo ingelipa Katavi?

Tuchukulie vigari 5 vimenunuliwa kwa shilingi milioni 30 na vitadumu miaka 3. Hiyo ni milioni 10 kwa mwaka. Kwa shilingi 5,000 kila mzunguko, inahitajika mizunguko 2,000 kurudisha gharama ya vigari tu, kabla ya petroli, matairi na mishahara. Ikigawanywa kwa mwaka mzima ni mizunguko 6 kwa siku. Lakini fedha Mpanda huonekana zaidi baada ya mavuno ya mpunga na masoko ya tumbaku. Wateja wakija siku 100 tu, inahitajika mizunguko 20 kila siku.

Aliyenunua pawatila wakati wa Kilimo Kwanza, kuanzia mwaka 2009, anaujua mtego huo: mashine inayolala miezi tisa haijilipi.

Isitoshe, karti huhitaji sakafu laini ya lami au zege, uzio wa matairi na kofia ngumu kwa kila dereva. Mwenye mtaji ahesabu kwanza siku za kazi, ndipo aulize bei ya injini.